Kimeo Changu na Sauti ya Naomi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, watu wa kwetu Tengeru walinijua kwa kikohozi kabla ya kuniona. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza, na kilinishika zaidi baada ya kula. Mara nyingine kiliishia kwenye kutapika maji machungu yaliyoniunguza koo. Tumbo lilijaa kama ngoma, miguu ikabaki myembamba, na mama aliponivisha gauni la kanisani alilibana kwa pini nyuma ili lisinianguke mabegani.

Baba alifanya kazi kwenye tanuri la mikate mjini Arusha. Jioni alirudi na mikate iliyopasuka au kuungua pembeni, ile isiyofaa kupelekwa dukani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, sehemu ya katikati, ile laini, ilikuwa yangu. Niliichovya kwenye chai ya maziwa huku baba akinitazama kwa furaha. Alidhani ananilisha nipone.

Zahanati walinipa dawa ya kikohozi, kisha ya minyoo. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye ua mmoja, alivumilia mpaka siku moja akanivuta mlangoni penye mwanga, akaniambia nifungue mdomo.

"Ndicho hicho," alisema. "Kimeo. Kimekuwa kirefu, kinamtekenya. Mtoto wa hivi hata mumpe duka zima la dawa hatapona."

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu wengi waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba kikirefuka humfanya mtoto akohoe, atapike na kukonda mpaka afe, na kwamba dawa yake ni kukikata.

Mama hakutaka. "Tungoje kidogo, mama. Nitampeleka hospitali kubwa."

"Mimi nilimzika mtoto kwa kungoja," Bibi alijibu.

Mama akaingia ndani kunitafutia sweta.

Mkata kimeo alikuwa mzee mpole aliyeishi njia ya kwenda Momela. Bibi alinipakata, akanifunga mikono kwa kitenge na kuibana miguu yangu kwa yake. Nakumbuka kijiko kikikandamiza ulimi, na kisu kidogo kilichopinda. Nakumbuka damu ilivyokuwa ya moto, kisha unga mchungu wa dawa. Ila ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba Bibi alikuwa analia. Machozi yake yalinidondokea shingoni, na hakulegeza mikono.

Baadaye sikuweza kumeza mkate. Ulinikwaruza kidonda, nikaukataa hata kilipopona, kwa woga tu. Mama akanilisha mtori wa ndizi, uji wa mahindi, na loshoro, ile ndizi na mahindi vilivyochanganywa na maziwa ya mgando. Masika ile yote sikugusa mkate. Na nikapona. Kikohozi kilikwisha, tumbo likashuka, gauni likaacha kuhitaji pini. Jumapili Bibi alinishika mkono kutoka kanisani na kila aliyemsalimu alioneshwa mashavu yangu.

"Mmemwona? Si nilisema?"

Hata mama alisema asante.

Naomi, mtoto wa baba mdogo, alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Ndiye aliyeimba peke yake kwenye kwaya ya shule ya Jumapili. Wengine sisi tulikuwa wa kuitikia. Masika hiyohiyo alipata mafua, na kikohozi chake kikakawia kuisha kwa sababu ya baridi ya mlimani. Safari hii hakuna aliyebishana na Bibi. Kwa nini wabishane, nami nilikuwa nacheza uani, mnene na mzima?

Kimeo kilipokatwa, Naomi alitoka damu isiyosimama. Baba mdogo alimkimbiza hospitali akiwa amemfunika kwa koti lake, na siku zile Bibi hakula. Mungu alisaidia, akarudi. Lakini maji aliyokunywa yalimtokea puani, na maneno yake yakawa yanapitia puani vilevile. Alipojaribu tena kusimama mbele kanisani, aliimba mstari mmoja, watoto wakacheka, akarudi kuketi karibu yangu. Hajaimba tena mbele za watu.

Tangu hapo nyumbani kwetu neno kimeo halikutajwa. Baba, akitaka kutufariji, akazidi kutuletea mikate, na mimi woga ukaniisha. Kikohozi kilirudi polepole, na kiungulia pamoja nacho. Bibi alinisikia nikikohoa, akageuza uso. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo.

Nikakua hivyo. Nilizoea kulala nimeegemea mito, nilizoea kuharisha kila nilipokula harusini na kusingizia maji. Baada ya kujifungua mwanangu Upendo, damu ilipungua mno, nikawa napata kizunguzungu hata nikiwa nimekaa. Katika hospitali moja mjini daktari mwanamke alinipima damu, akanipitisha kamera mdomoni hadi tumboni, na alipokuwa akinipa majibu aliniuliza, "Kimeo chako kilikatwa?"

Nikamsimulia. Nikamwambia kwamba, nisimdanganye, kilinisaidia.

"Baada ya kukatwa ulikuwa unakula nini?" aliuliza.

Nilimtajia mtori, uji na loshoro. Nilipofika hapo nikasita. Halafu akanieleza kuhusu ugonjwa wa siliaki: kwamba mwili wangu unaipiga vita ngano, hiyo iliyomo kwenye mkate, na vita hiyo inayachubua matumbo. Tindikali inayopanda kooni, alisema, ni shida ya pili iliyoandamana na ya kwanza, nayo itataka dawa yake.

Siku hizi nina sufuria yangu na mwiko wangu, visivyoguswa na ngano. Sili jioni sana, na kitanda changu kimeinuliwa upande wa kichwa. Harusini naenda na ndizi zangu kwenye bakuli la mfuniko, na najua wanaonong'ona kwamba naogopa kulogwa. Hayo nimeyazoea. Lililonisumbua lilikuwa Bibi. Kwa miaka alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi ni kazi ya mikono yake, nami sikuona sababu ya kumnyang'anya sifa hiyo.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, nilimpelekea Upendo. Mtoto alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," kisha akakohoa. Akakohoa tena. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, alinyoosha mkono.

"Mlete hapa. Fungua mdomo, mama."

Nilimvuta mwanangu nyuma kwa nguvu mpaka akashtuka.

"Bibi, hapana."

"Hapana nini? Wewe nani alikuponya?"

Nikaketi miguuni pake, nikamwambia. Nilimweleza habari ya ngano, ya mkate wa baba, ya masika ile ambayo sikuugusa. Nilisema taratibu kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Kwa hiyo hakikuwa kimeo," alisema.

"Hakikuwa, Bibi."

Nikaanza kuinuka. Nilidhani amemaliza.

"Na Naomi?"

Ningeweza kusema sijui. "Naomi alikuwa na mafua tu, Bibi."

Aliniomba nimpigie simu. Naomi sasa ni fundi cherehani huko Makumira; nilipompata nilimwekea Bibi simu sikioni, na sote tukamsikia akisema kwa sauti yake ileile ya puani, "Shikamoo, Bibi. Hujambo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Bibi alisema. "Sema tu. Sema chochote, nakusikiliza."

Upendo nilimpeleka hospitali wiki ile. Walimpima na ule ugonjwa wa ngano pia, wakakuta ni kifua tu, na kikaisha. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya vema kumwambia mwanamke mzee namna ile. Mikono iliyonibana siku ile ilikuwa ya mtu aliyenipenda, na kwa macho yake aliniona nikipona. Hakukosea kuona. Ila hakuna mtu ndani ya ua wetu aliyeuliza ni nini kingine kilichobadilika mezani, na gharama ya kutouliza swali hilo ameilipa Naomi, ambaye hakuwa mgonjwa. Bibi sasa humpigia kila Jumapili. Hawazungumzi mengi. Naomi ananiambia kwamba mara nyingi Bibi husikiliza tu.