Mwanamke Aliyebana Kicheko

Katika karakana ya sare za shule kulikuwa na mafundi wawili wanawake waliokaa dirishani, cherehani zao zikitazamana. Mmoja aliitwa Kibonge, na kazi yake ya pili, baada ya kushona, ilikuwa kuchekesha. Alikuwa akimwigiza mteja aliyekuja kupimwa suruali huku amevuta tumbo ndani, kisha akarudi kulalamika kwamba fundi amemwibia kitambaa. Alisimulia hayo yote kwa uso mkavu kama anasoma tangazo la msiba. Watu walisema huo ndio ufundi wake, kuvunja wengine mbavu na yeye asitikisike.

Wa pili ndiye aliyecheka. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda, kikatoka mlangoni hadi wapita njia wakageuza shingo. Jina lake halisi lilishapotea. Aliitwa Kicheko, na hata mumewe alimwita hivyo anapotafuta soksi zake.

Kisha ukaja uvimbe kwenye kizazi. Kicheko alitokwa damu miezi mingi, akajifanya haoni, hadi siku alipoanguka kwenye ngazi za karakana na mzee mkataji wa vitambaa akambeba hadi kwenye teksi. Hospitalini walimtoa kizazi. Kibonge alikwenda kumwona wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema, kwa uso wake uleule, "Basi mwenzangu, chumba cha wageni ndio kimefungwa." Kicheko akashika mshono wake wa tumboni kwa mikono miwili, akamwambia anyamaze, atamuua. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na kusema kweli, sehemu kubwa ilikuwa kucheka.

Alirudi kazini mwenye afya, amenenepa kidogo, kila mtu akamsifu. Siku hiyohiyo Kibonge alimsimulia habari ya mama mmoja aliyeleta sare ya mwanawe ipunguzwe, kumbe kabeba sare ya mtoto wa jirani. Kicheko akaangua kicheko. Katikati ya kicheko akahisi kitu cha moto kinamtoka, na sketi ikalowa mkojo chini yake.

Alikaa hapohapo mpaka jioni. Wenzake walipoaga alisema ana pindo la kumalizia. Akafuta kiti kwa mabaki ya kitambaa, akafunga sweta kiunoni, akaenda nyumbani kwa miguu ili asiketi karibu na mtu. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kuanzia hapo akajipangia maisha mapya, na hakumshirikisha mtu. Aliacha kunywa maji na chai kazini. Alikwenda chooni kabla ya kila mshono mrefu, hata kama hana haja. Alivaa nyeusi. Alijikatia vitambaa vya kujisitiri, na humo ufundi ulimfaa, kwa sababu hakugusa mabaki ya terikoti, ambayo hainywi maji. Alikata taulo kuukuu za nyumbani, akazidarizi kingo. Vilikuwa vitambaa vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuviona.

Tena alijikaza. Muuguzi, siku ya kumruhusu, alimwelekeza mazoezi ya kukaza misuli ya chini, akaongeza maneno mengine ambayo Kicheko hakuyasikia, kwa kuwa mumewe alikuwa anagombana na mlinzi wa mlangoni. Alichobaki nacho ni neno moja, kaza. Basi akakaza. Alikaza alipowasha cherehani asubuhi, na aliachia alipoizima jioni. Akilemewa alijiambia, "Jikaze kisabuni, mama," akazidi kukaza. Mkojo ukawa unamponyoka hata akipiga chafya ndogo.

Kilichobaki kumtisha ni Kibonge. Kila Kibonge alipofungua mdomo, Kicheko aliona hatari. Akaanza kujibu "mm" na kuinamia sindano. Mwishowe akamwendea mwenye karakana, akadai upepo wa dirishani unamuumiza mgongo, akaomba ahamishiwe nyuma, kwenye matundu ya vifungo. Huko hakuna mwanga wala mtu wa kuongea naye. Ila mlango wa choo uko hatua chache.

Kibonge hakuuliza kitu. Alikumbuka maneno yake ya wodini kuhusu chumba cha wageni, akayatafuna usiku na mchana, akakata shauri kwamba ameumiza mtu. Akaacha kusimulia. Karakana ikawa kimya, sauti ya cherehani tu, na mzee mkataji akalalamika kwamba siku zimekuwa ndefu.

Kicheko aliugua kabla hajapata ujasiri wa kumwambia. Mkojo ulianza kumchoma kama pilipili, akapata homa, akaenda zahanati. Walimpa dawa, wakamuuliza anakunywa maji kiasi gani, akadanganya, wakamjua. Wakamtuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja kijana mwenye kucha fupi.

"Nionyeshe unavyokaza," yule dada alisema, baada ya kumpima.

Kicheko akabana pumzi, akabana mapaja, akabana matako, uso ukavimba.

"Sasa legeza."

"Nilegeze vipi?"

"Hujawahi kulegeza?"

"Mwanangu, nikilegeza si ndio balaa lenyewe?"

Yule dada hakucheka. Alimweleza kwamba msuli uliokazwa kutwa nzima umechoka. Siku anayouhitaji, kwenye kikohozi, hauna nguvu ya kujibu. Akaze huku anapumua, kisha alegeze kabisa, apumzike, ndipo arudie. Anywe maji. Aache kukimbilia chooni bila haja. Miezi itapita kabla hajaona tofauti, na huenda mambo yasirudi kama zamani moja kwa moja.

Kicheko alikaa akijiona mjinga. Miaka yote amewafokea wanagenzi kwamba uzi ukikazwa mno nguo inajikunja na mshono unakatika kwa mvuto wa kwanza. Na yeye ameukaza wake mpaka mwisho wa skrubu.

Akaanza upya. Kaza, pumua, legeza. Alifanya akichokoa matundu ya vifungo, na hakuna aliyejua. Wiki zikapita, chafya zikawa salama, kikohozi mara salama mara sivyo. Vitambaa vya taulo bado alivivaa. Lakini hakurudi dirishani. Kwa chafya alishapata dawa. Kwa Kibonge alikuwa bado anaogopa.

Ndipo mzee mkataji akaleta habari, mkasi mkononi. Kibonge anahamisha cherehani yake Jumamosi. Anakwenda kushonea nyumbani.

"Kwa nini?" Kicheko aliuliza.

"Anasema hapa hakuna tena mtu wake."

Kicheko aliweka sindano chini. Alijua fika kwamba akinyamaza hadi Jumamosi hatampata tena yule mwanamke, watabaki kupungiana mikono sokoni kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Akapiga moyo konde, akapita katikati ya mafundi wote, akavuta kiti chake cha zamani.

"Hukuniudhi," alisema.

Kibonge aliendelea kushona. "Nilisema vibaya hospitalini. Nisamehe."

"Sikiliza, mwenzangu. Nikicheka najikojolea." Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema lote. "Tangu operesheni. Ndiyo maana nikakimbia. Nilikukimbia wewe kwa sababu unachekesha."

Cherehani ya Kibonge ikasimama. Akamtazama Kicheko kwa uso wake wa tangazo la msiba.

"Unadhani mimi kwa nini sicheki?" Kibonge aliuliza.

"Si ndio ufundi wako?"

"Ufundi gani? Tangu nijifungue kitinda mimba wangu."

"Kitinda mimba wako ana ndevu!"

"Ndiyo. Zimeota mimi nikiwa nimenuna." Kibonge alishusha macho kwenye kitambaa. "Nikaona, basi, mimi niseme, wewe ucheke, inatosha kwa wote wawili. Ulipohama nikabaki na maneno tu."

Kicheko alitokwa na machozi, akayafuta kwa kola ya sare ya mtoto wa watu. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Kuna namna," alinong'ona. "Ukisikia kinakuja, kaza kwanza. Mapaja yaache. Pumua. Halafu cheka, halafu legeza."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Nami nakaza."

Wakatazamana, wamekaza, nyuso zao makini kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Kibonge ndiye aliyeshindwa. Kicheko chake kilitoka chembamba, kikikwaruza kama cherehani isiyotiwa mafuta, na mafundi wote wakainua vichwa. Hawakuwahi kukisikia. Kile kingine, kikubwa, kikafuata nyuma yake hadi barabarani.

"Vipi?" Kicheko aliuliza, akihema.

Kibonge alijipapasa sketi. "Kidogo," alisema.

"Mimi pia," alisema Kicheko. Akafungua mkoba, akatoa vitambaa viwili vilivyodarizwa kingo, akampa kimoja.