Tapeti Nzima kutoka Kariakoo

Mimi si mtu wa kuamini upesi, nasema mapema mnijue. Hata nikinunua samaki kwa mjomba wangu mwenyewe, lazima nimfunue matamvua nimtazame. Basi gari letu lilipoanza kugonga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nilijua watatokea watu wa kutuuzia uchafu.

Gari lenyewe alituachia baba mkwe. Lilikuwa la zamani kuliko ndoa yetu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya usumba, na Bagamoyo nzima ililijua kwa kelele. Ukiwa ndani husikii hata sauti yako mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyeliendesha na ndiye aliyelitengeneza. Mimi nilikuwa mja mzito. Mimba mbili kabla ya ile zilikuwa zimeharibika karibu na siku zake, na mkunga aliyenishika mara zote mbili alimwita mume wangu barazani akamwambia waziwazi, "Huyu safari hii mpeleke hospitali Dar, kabla uchungu haujamwanza. Mimi simshiki tena." Kwa hiyo gari lile kwangu halikuwa gari tena, lilikuwa roho yangu na ya mwanangu.

Mume wangu akafungua injini uani. Akatoa tapeti, akazipanga kwenye ungo wangu wa kupepetea mchele bila kuniomba. Tapeti ni vipande vya chuma, vifupi, kama vinu vya kuchezea watoto. Hukaa chini ya valvu na kuzisukuma zifunguke. Zetu zilikuwa zimelika nyuso, zina vishimo kama mtu aliyeugua ndui.

"Hizi hazitufikishi hata Zinga hapo jirani," akasema.

Nilimwuliza maswali mpaka akachoka, akanifundisha kuzipima. Uso wa tapeti nzima haukulala sawasawa; umevimba kidogo mno, jicho halioni. Ukichukua mbili ukazikutanisha uso kwa uso, zinachezacheza. Zilizolika zinatulia, kwa sababu ule uvimbe umeshakwisha. Kisha unapitisha tupa. Chuma kizuri tupa inateleza, kibovu inang'ata.

Tukaenda kwa mwenye duka la vipuri mjini, Mwarabu mmoja mcheshi aliyekuwa akimjua baba mkwe. Baada ya sabalkheri na habari za nyumbani, akatutolea tapeti zimefungwa karatasi ya mafuta, zinang'aa.

"Mpya kabisa, wallahi," akasema.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Sijamwuliza kitu, ananiapia nini? Nikachukua mbili nikazikutanisha. Zikatulia tuli. Nikazifuta grisi kwa pembe ya kanga, nikaona mikwaruzo ya msasa.

"Hizi ni kuukuu, zimesuguliwa," nikamwambia.

Akamgeukia mume wangu, anacheka. "Bwana, siku hizi fundi ni mkeo?"

"Ndiye fundi," mume wangu akajibu. "Mimi utingo wake."

Tukaondoka. Nilijisifu njia nzima.

Ikabidi mume wangu aende Dar kutafuta. Akapanda lori la nazi, akalala huko, akarudi mikono mitupu. Ameona takataka tupu, alisema. Akaenda tena. Akaenda tena. Safari moja alirudi na kifungo cha shati, kile kilichokuwa kimekatika siku nyingi, kimeshonwa. Nikamwuliza nani kakishona. Fundi cherehani, akasema. Fundi cherehani wa kifungo kimoja? Swali hilo nikaliweka moyoni. Tumbo langu lilikuwa limeshashuka, na mimi nalala macho natazama makuti.

Mwishowe akaja nazo, ndani ya kipande cha gunia. Nikazimwaga mwenyewe kwenye ungo. Nikazikutanisha mbili mbili, zikacheza. Nikapitisha tupa, ikateleza. Hapakuwa na hata moja mbovu. Ningepaswa kushukuru Mungu, lakini uzima wake ndio ulionitia hofu.

"Nani kakupa hizi?"

"Fundi mmoja Kariakoo. Alikuwa amejiwekea, kwa gari lake mwenyewe."

"Akakupa wewe?"

"Akanipa."

Sasa nifikirieni mimi. Vipuri vya gari zee kama lile vilikuwa adimu. Mwenye navyo alivificha. Mtu wa mji wetu, aliyekula na baba mkwe sahani moja, alitaka kutuuzia msasa. Leo mtu wa Kariakoo, asiyetujua uso wala kisogo, atoe alizojiwekea mwenyewe? Tapeti nzima namna ile mtu humpa ndugu yake. Au shemeji yake. Neno hilo likakataa kunitoka akilini.

Lakini nikizusha ugomvi akaondoka, nani atafunga injini? Nikampikia chai, nikamwacha afanye kazi. Nilikaa kizingitini nikimtazama mgongo, nikimchukia.

Siku ya safari gari liliwaka mara moja. Tulipopita Zinga nikasikia majani yakikwaruza mlango, kitu ambacho sikupata kukisikia ndani ya gari lile. Mume wangu alifurahi kama mtoto.

"Unasikia lilivyotulia?"

"Nasikia," nikasema. "Huyo fundi ana dada?"

Akashika gia, akaiacha. Akatazama barabara.

"Ana dada."

"Umemwoa?"

"Tangu mfungo sita. Kaka yake ndiye aliyeniozesha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kushuka nikae pale pale mchangani, watu wapite wanione. Mtoto akageuka tumboni, nikamwekea mkono, na chini ya miguu yangu injini inakwenda, haikosi pigo hata moja. Mume wangu akaanza kupunguza mwendo ili tusimame tuzungumze.

"Usisimame," nikamwambia. "Tapeti za shemeji yako zinifikishe kwanza. Mengine nikishazaa."

Akaendesha. Tulifika, na binti yangu akazaliwa hospitalini, mzima, mwenye sauti. Lakini njia ile yote kutoka Zinga nililia kwa kuuma pembe ya kanga, maana gari halikuwa na kelele tena na sikutaka anisikie.