Maombi Niliyopeleka Delfi

Kosa lilikuwa la neno moja. Nilipowaambia akina mama wa kanisa letu la Hallunda, huku Sweden, kwamba mdogo wangu ananipeleka Ugiriki kuona patakatifu pa kale, wao walisikia mambo ya Mtume Paulo. Jumapili hiyo wakanipa maombi yao kwenye vikaratasi: mtoto asiyeongea, kibali cha kuishi, mgongo ulioharibika kwa kusafisha ofisi.

Siku mbili kabla ya safari mama mchungaji akapiga simu. Alikuwa amegundua kwamba Delfi, tunakokwenda, ni nyumba ya sanamu. Akataka nirudishe vikaratasi. Akasema nikienda, nitatubu mbele ya watu wote au niache kuongoza nyimbo. Kazini mimi ni mtu wa usafi. Kanisani tu ndiko nilikoitwa kiongozi.

Nilikwenda. Wazazi walipokufa niliacha shule darasa la tano ili wadogo zangu wasome. Huyu wa mwisho sasa anasoma historia ya kale chuo kikuu, na safari ile ilikuwa zawadi yake kwangu. Sikuwa tayari kumwambia kwamba zawadi yake ni dhambi.

Tulipanda mlima juani. Nguzo chache zilikuwa zimesimama, mengine yote mawe. Akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiswidi, jinsi watu walivyopanda njia ile na maswali yao: nihame? nioe? mtoto atapona? Nikamuuliza huyo mungu wao yuko wapi.

“Hayupo, yaya,” akasema, akiniita hivyo kama mkubwa wake. “Nyumba tupu.”

“Sasa kule kanisani wanaogopa nini?”

Nikaketi juu ya jiwe, mlinzi akapuliza filimbi, nikainuka. Basi nikaomba nimesimama, kikaratasi kimoja baada ya kingine, kwa Mungu yule yule aliyetusikia katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai.

Jumapili iliyofuata mama mchungaji akanipa maikrofoni nitubu.

“Nimewaombea wote, kila mmoja kwa jina lake,” nikasema. “Hilo silitubii.”

Nikamrudishia maikrofoni, nikaenda kukaa benchi la tatu.

Siku hizi anaongoza mwingine. Ana sauti nzuri, ila kila wimbo anauanza juu mno, na kufika kiitikio akina mama wameishiwa pumzi. Mimi nauteremsha kutoka pale nilipoketi, nao wananifuata.