Kaseti ya Beta ya Mukabalisa

Ngendakumana alipiga video za harusi Uvira kwa kamera ya Betamax, aina ya kaseti iliyoitwa Beta kwa kifupi. Wenzake walipohamia kaseti za VHS, aliwafokea: "Picha ya Beta iko safi, wapumbavu nyinyi!" Vita vya 1996 vilipofika, askari walibeba mashine yake ya kuchezea Beta, wakaacha kaseti.

Baadaye Mukabalisa alishuka kutoka milima ya Rurambo na kaseti ya harusi yake, aliyoipiga Ngendakumana. Mumewe alikuwa ameuawa, na hakuwa na picha yake nyingine. Lakini mtaa wao mzima wa Kalundu ulikuwa na mashine za VHS tu, zisizosoma Beta.

"Basi nisimulie, Papa. Weye uliona yote."

Ngendakumana alimsimulia habari za ng'ombe wa mahari, mmoja mmoja, kwa rangi na pembe, maana siku ile wakwe walitaka kamera isimwache ng'ombe hata mmoja.

"Na yeye, mume wangu?" aliuliza Mukabalisa.

Ngendakumana alifumba macho. Aliona pembe tu.