Yule Mama Alisema Nini?

Nakumbuka siku moja ya mnada hapa Karatu, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye meno, na mimi nimesimama ndani ya banda langu la video, kipaza sauti mkononi, najiona mfalme. Mwanangu, siku ile niliharibu kitu ambacho mpaka leo sijaweza kukitengeneza. Nitakueleza kama kilivyokuwa. Umri wa kujipamba umeshanipita.

Nakueleza wewe kwa sababu Jumapili iliyopita nilikusikia. Ulisimama na wenzako nje ya ukumbi wa parokia, mikono mifukoni, mnatazama bango la picha mpya ya Yasinta, mpwa wangu. Ukasema, "Ah, hizi picha za akina mama, kulia tu mwanzo mwisho. Ngumi hakuna." Wenzako wakacheka, mkaondoka bila kuingia. Sikukukemea. Ningekukemea vipi, wakati maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa kipaza sauti?

Mimi shule niliishia darasa la tatu, pale Endabash. Ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Nikaja mjini nikaponda kokoto, nikabeba mizigo ya watalii, mpaka nikanunua televisheni, deki na jenereta. Banda nililijenga mwenyewe kwa mabati mabovu na magunia ya kuziba mwanga. Hakuna aliyenishika mkono. Hii nyumba ya matofali unayoiona nimeijenga kwa mdomo wangu, na sioni aibu kulisema.

Ninyi hamkuijua kazi ya mtafsiri wa picha. Picha zilikuja kwa Kihindi, kwa Kichina, kwa Kiingereza, na watu hawajui hata moja. Basi mwenye banda anapunguza sauti ya televisheni, anawasemea wote: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Mimi nilikuwa namba moja. Walinibatiza Dizeli, kwa kuwa jenereta ikizimika mdomo wangu ulikuwa bado unawaka. Na siri yangu ilikuwa hii: Kihindi sikukijua hata neno la salamu. Kichina ndiyo usiseme. Nilitazama midomo inavyocheza, nikaweka maneno yangu humo. Watu walicheka, wakarudi kesho. Nikaona ndiyo elimu yenyewe.

Sasa, nilikuwa na dada, Martina, mdogo wangu wa kunifuata. Aliolewa huko huko Endabash, akazaa mtoto wa kwanza, wa kiume, na mtoto akafa kabla hajaota jino. Kwetu sisi Wairaqw, zama zile, mama wa namna hiyo alitengwa. Hapeani mkono na mtu. Hachoti maji wanapochota wenzake. Haingii kwa jirani, na jirani haingii kwake. Wazee walihofia msiba usije ukahama nyumba hadi nyumba. Siwatukani wazee wangu. Walikuwa na hofu zao kama ninyi mlivyo na zenu. Lakini Martina alikaa hivyo miezi mingi, na mimi kaka yake sikwenda hata kusimama mbali nikamwita jina. Nilikuwa na shughuli, bwana. Nilikuwa na banda.

Siku ile ya mnada ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka baada ya kufunguliwa kifungo hicho cha kutengwa. Alitembea kutoka Endabash hadi mjini. Nilimwona akiinama mlangoni, shuka limemfunika hadi kidevuni, akakaa mwisho wa benchi karibu na gunia la mlango. Wanawake hawakuwa wakiingia bandani, kwa hiyo vijana waligeuka wakamtazama. Nikamwinulia mkono nikaendelea na kazi.

Picha ilikuwa ya Kihindi. Mwanzo ilikuwa na ngumi nzuri, halafu ikageuka. Mama mmoja amekaa chini, mbele yake susu tupu, kile kitanda cha kubembelezea mtoto. Anaisukuma, anaongea nayo. Anaongea tu. Kamera imemkazia uso, haiondoki. Vijana wakaanza kupiga miluzi. "Dizeli, peleka mbele! Tumechoka na huyu mama!" Nikaona watanitoka. Nikashika kipaza sauti, nikabana pua kama mwanamke, nikasema, "Mtoto nimemtuma dukani akaninunulie ugoro, mpaka leo hajarudi! Mkimwona mwambieni pua inaniwasha!"

Banda zima lilianguka kwa kicheko. Wengine walipiga benchi kwa viganja. Na mimi, kwa kuona wamecheka, nikaongeza. Nikaongeza tena. Mwanga wa televisheni ulikuwa unafika hadi mlangoni, nikamwona Martina amefungua mdomo kidogo kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemfahamu. Akasimama. Akasukuma gunia, mwanga wa mchana ukaingia, vijana wakapiga kelele, "Funga mlango!" Na mimi, mwanangu, nikasema nao kwa kipaza sauti: "Funga mlango, mama!"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona.

Siku ya tatu yake mama yangu alikuja. Mama hakujua Kiswahili, alikuwa na Kiiraqw tu na fimbo yake. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisimama katikati ya banda tupu, akaitazama ile televisheni kama anavyotazama ng'ombe wa mtu mwingine.

"Yule mama wa humu ndani," akaniuliza, "alisema nini?"

"Yupi, mama?"

"Wa susu. Yule mama alisema nini?"

Nikacheka kidogo. "Sijui, mama. Mimi Kihindi sikijui."

"Hukijui. Basi yale maneno aliyasema nani?"

Nikajitia kukunja nyaya za deki.

"Dada yako alifungwa mdomo miezi yote ile. Siku aliyofunguliwa akaja kwako. Akakuta wewe umeingia ndani ya mdomo wa mama mwenzake, umekaa humo, unakunywa pombe." Akagonga fimbo chini mara moja. "Nenda kamuulize Martina. Yeye anajua alichosema."

Kuuliza si ujinga, kila mtoto anaujua msemo huo. Lakini mimi nilikuwa Dizeli. Niende kwa miguu hadi Endabash, mimi mwenye banda, kumwangukia mwanamke kwa ajili ya utani? Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Nikasema masika yakiisha. Martina na mumewe wakahamia Daa, wakapata shamba, akazaa tena, akampata Yasinta. Tulikutana misibani. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo kaka" kwa adabu zote, lakini mkono hakunipa. Nikajifanya sioni. Tulizeeka hivyo. Mwaka juzi akaumwa, nikapelekewa habari, nikasema Jumamosi nitafika. Ijumaa wakanipigia simu kwamba ameshatangulia.

Nilibeba jeneza. Kubeba jeneza ni rahisi, mwanangu. Aliye ndani hakuulizi kitu.

Basi Yasinta huyu alikwenda Arusha akajifunza mambo ya kamera. Akarudi na wasichana wenzake watatu, mmoja anashika kamera, mmoja sauti, mmoja sijui kazi yake lakini alikuwa anaamrisha wote. Mwaka mzima walizunguka kwa akina mama, wakiwauliza habari za watoto waliowapoteza na namna walivyokaa nazo. Wakatengeneza picha. Siku hizi wasichana wanatengeneza picha zao wenyewe, zinaonyeshwa mjini, zinapelekwa hata Ulaya. Nilipoambiwa, nilisema yaleyale yako: nani atatazama?

Akaja kwangu, akapiga magoti, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Picha tunaanza kuionyesha Samunge, kule Loliondo. Wanaongea Kiiraqw humo, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na akina mama wa kule hawajui lugha hizo zote mbili. Nataka mtu wa kuwasemea kwa Kiswahili."

"Sema wewe. Wewe si ndiye mwenyewe?"

"Humo ndani yumo mama, mjomba. Nilimrekodi kabla hajaumwa. Nikianza kusema maneno yake nalia, siwezi kumaliza." Akanitazama. "Wewe ulikuwa mtafsiri. Watu wote wanasema."

"Nionyeshe kwanza."

"Hapana. Utasema unachokisikia, hapo hapo."

Tukasafiri. Tukapita ukingo wa Ngorongoro, tukakata nyika, tukapanda milima ya Loliondo mpaka mgongo wangu ukawa kama gunia la kuni. Samunge walitufungulia darasa, wakaziba madirisha kwa mablanketi. Akina mama walijaa hadi chini sakafuni. Bibi mmoja mbele kabisa, masikio yaliyotobolewa yananing'inia hadi mabegani, aliponiona nimeshika kipaza sauti akageukia wenzake: "Eti picha ya wanawake, msemaji ana ndevu!"

Wakacheka. Nikamwambia, "Ndevu ni za kuazima, bibi. Jioni narudisha."

"Rudisha sasa hivi," akasema, wakacheka zaidi. Nikajisikia vizuri. Nikaona Dizeli bado anawaka.

Mama wa kwanza akaongea kwenye picha, nikamsemea. Wa pili, nikamsemea. Kiiraqw ni lugha yangu, kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natafsiri kitu ninachokijua. Sikuongeza chumvi. Kisha akatokea Martina, amekaa nje ya nyumba yake pale Daa, anachambua maharage kwenye ungo. Sauti yake ikajaa darasa.

Nikasema: "Anasema, nilipofunguliwa sikutaka kwenda kanisani wala sokoni. Nilitaka kwenda kwa kaka yangu. Anasema, kwa kaka yangu kulikuwa na watu wengi, na kulikuwa na giza. Ningekaa na watu bila mtu kunitazama."

Hilo sikuwa nimelijua. Miaka yote ile nilidhani alikuja kutazama picha.

Halafu Martina akasema lililofuata, na mimi nikafunga mdomo. Yeye anaendelea kuongea, mikono inachambua maharage, na darasa limekaa kimya likinisubiri. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, kaka yangu alinipokea vizuri, akanipa chai. Mle ndani mwenye kukijua Kiiraqw ni Yasinta peke yake, na Yasinta asingenivunjia heshima mbele za watu. Kazi hiyo ya kutunga niliifanya ujana wangu wote, nikajengea nyumba. Neno lilikuwa limeshafika hapa, kwenye meno.

Yule bibi wa mbele akanyoosha shingo. "Mzee. Huyo mama anasema nini?"

Aliuliza kwa upole tu. Lakini mimi nilisikia fimbo ya mama yangu ikigonga chini.

Yasinta akasimamisha picha, akairudisha nyuma kidogo. Dada yangu akaanza tena, na mimi nikasema naye, neno kwa neno.

"Anasema, kaka yangu alikuwa na banda la video. Ndani ya picha kulikuwa na mama aliyefiwa na mtoto. Kaka yangu akamfanyia mzaha, watu wakacheka. Anasema, akaniambia nifunge mlango." Nikakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. "Anasema, sikumkasirikia muda mrefu. Nilimngoja. Kila mwaka baada ya mavuno nilisema, mwaka huu atakuja kuniuliza yule mama alisema nini. Anasema, Kihindi sikijui, lakini mimi nilimsikia. Alisema..."

Kwenye picha Martina aliacha maharage. Akainua viganja vyake viwili, akavitazama.

"Alisema, mikono yangu haijui pa kukaa."

Darasani hakucheka mtu. Baadaye nikasikia mama mmoja nyuma akilia taratibu, kisha mwingine. Picha ilipokwisha, majina ya wale wasichana wote yakapita, na hakuna aliyenyanyuka. Yule bibi akaja mpaka niliposimama. Kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika. Akakichukua, akakiweka mezani, akaishika mikono yangu yote miwili, akakaa nayo hivyo. Ndevu hakunitania tena.

Niliporudi nilikwenda Daa. Nikasimama kaburini, nikamuuliza Martina lile swali kwa sauti. Nilimuuliza ili nami niwe nimemuuliza. Maharage ya mumewe yalikuwa yanachanua pembeni. Upepo tu.

Sasa sikia, mwanangu. Mwanamke akisimama kusema lililompata, kwenye picha, kikaoni, jikoni kwako, ondoka kwanza ndani ya mdomo wake. Usimsemee. Usimcheke kwa kuwa umeshindwa kumwelewa. Ukiwa hujui amesema nini, muulize yeye mwenyewe, angali ana pumzi za kukujibu. Na usiseme baada ya mavuno; mimi mavuno nimeyavuna mengi na ghala limejaa, lakini wa kumuuliza hayupo. Jumapili hii picha inaonyeshwa tena ukumbini, baada ya misa ya pili. Ingia. Kaa mpaka majina yao yaishe. Kisha nenda nyumbani ukamuulize mama yako jambo moja ambalo hujawahi kumuuliza, unyamaze, usikilize.

Mungu akunyeshee mvua isiyo na mawe. Ng'ombe wako wazae, na nyumba yako isikose sauti za wanawake. Na siku utakapoitwa Jumamosi, uwe umeshafika tangu Alhamisi, ili mikono yako isije ikakosa pa kukaa.