Kengele ya Pikipiki ya Padri

Jamani, msinione nacheka mkadhani aibu imenitoka. Hadi leo nikipita njia ya Cyanzarwe nashusha kofia hadi puani, maana wapo kina mama wa soko ambao wakiniona tu wanapiga ishara ya msalaba makusudi, halafu wanaangua kicheko.

Nilikuwa nimerudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, kutoka Tanzania nilikozaliwa na kusoma, nina shahada mpya, kazi mpya ya ualimu pale Gisenyi na mchumba aitwaye Vestine, ambaye baba yake alikuwa amesema hatoi jibu lolote kabla hajaniona kwa macho. Njoo Cyanzarwe Jumamosi, akasema. Sasa mimi ni mtu wa kuwaza (hata sukari naiwaza kabla haijaingia kwenye chai), nikawaza: nikienda kwa miguu nitafika na vumbi, ataniona fukara, nikienda kwa baiskeli nitafika natweta, ataniona mgonjwa. Na juu ya hayo wao ni Wakatoliki wa tangu mababu, mimi Mwanglikana wa Ngara.

Ndipo Mzee Saidi wa Mbugangari, mwenye nyumba wangu na mfanyabiashara wa kila kitu, akaniita uani na kufunua turubai. Pikipiki! Nyeupe, inang'aa, matairi bado yana vile vinywele vya mpira vya kiwandani, na bei aliyoitaja ilikuwa ndogo hadi nikaingiwa na hofu.

"Ilikuwa ya padri muzee," akasema. "Sasa amepata voiture, gari kabisa. Haikuanguka hata siku moja, donc ni kama mupya."

Nikaikagua breki, nikanusa mafuta, nikauliza kama ni ya wizi, nikauliza mbona rahisi hivyo, nikaizunguka, nikarudia kuuliza kama ni ya wizi.

"We, unanunua pikipiki ao unaoa?"

"Vyote viwili, Mzee."

Akacheka, akagusa kengele ndogo ya shaba iliyofungwa kwenye usukani. "Na hii, tuitoe?"

Mimi niliyewaza kila kitu, hapo sikuwaza. Nikasema, "Iache, inapendeza." Yote yaliyofuata yametoka kwenye maneno hayo mawili.

Jumamosi nikavaa suti, na Mzee Saidi akaniazima kanzu yake nyeupe niivae juu ya suti kwa ajili ya vumbi, nikajifunika na kofia ngumu ya pikipiki, nikaondoka huku moyo unacheza ngoma. Ile mashine ilikuwa inateleza kama siagi! Nje ya mji nikakuta mbuzi njiani, nikaipiga kengele, mbuzi wakapisha, na kina mama waliokuwa wanatoka Goma na vikapu vyao wakavitua chini. Wakapiga magoti.

Nikasema moyoni, kumbe msomi anaheshimiwa hivi huku! Nikawapungia mkono. Mbele kidogo wazee wakavua kofia, nikapiga kengele tena, nao wakainamisha vichwa, basi nikanogewa, nikawa naipiga kila kona (mtu yeyote angenogewa, msinihukumu). Kwenye kioo nikaona watu wamenifuata, tena wanaimba taratibu. Nikajua wanaisindikiza pikipiki.

Nilipofika kwa kina Vestine nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, mshumaa unawaka juu yake, nikasema hapa nimepokewa. Kisha baba mkwe, mwanamume mzima mwenye mvi, akapiga magoti mbele yangu langoni. Nikachanganyikiwa. Je, ndiyo desturi ya Wakatoliki? Nikimwacha amepiga magoti peke yake si nitaonekana sina adabu? Nikapiga magoti na mimi. Tukabaki tunatazamana, yeye na machozi, mimi na kofia ngumu.

"Padri," akanong'ona, "mama yangu iko ndani. Sisi tulifikiri ni kikohozi tu. Nani alikuambia ni mwisho?"

Nikavua kofia.

"Mana yanjye, Mungu wangu!" Vestine akapiga kelele kutoka mlangoni. "Baba, huyo si padri! Ndiye yeye!"

Ndipo nikaelezwa, mbele ya umati wote ule, kwamba padri mzee alikuwa akipiga kengele ile siku moja tu: siku anapopeleka sakramenti kwa mtu anayekaribia kufa, ili walio njiani wapige magoti, na wenye nyumba wawashe mshumaa.

Kabla sijapata pa kujificha, bibi akatoka ndani amejifunga kanga, mkali kama pilipili. "Nani anasema mi nakufa? Nilisikia kengele, nimeisha kumusamehe Agnesi mambo ya shamba, kumbe bure!"

"Imeisha kusemwa!" Agnesi, jirani yake, akajibu kutoka kwenye umati. "Watu wote wamesikia!"

Watu wakavunjika mbavu. Baba mkwe peke yake hakucheka. Akajipangusa magoti polepole. "Mutu anakuja kumuzika mama yangu muzima, ndiye nimupe mutoto?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kumwomba radhi kwa sentensi ndefu zisizo na mwisho, hadi bibi akanikatiza kwa fimbo yake.

"Wale wengine waliokuja kumuomba huyu mutoto, kuko aliyekupigia magoti?"

Baba mkwe akayatazama magoti yangu. "Hakuna," akasema mwishowe.

"Basi mupe. Lakini kengele inabaki na mimi."

Niliifungua palepale, nikampa. Siku hizi bibi mkwe anaipiga akitaka chai, na nyumba nzima inakimbia. Mimi? Pikipiki ninayo, mke ninaye, ila kengele sigusi tena, hata ya baiskeli; nikikuta mbuzi njiani nazima injini, nashuka, nawaomba kwa mdomo wangu wanipishe.