Maji Yasiyotoa Povu

Sisi wa pwani maji twayapima kwa ulimi. Unakinga kiganja, unaonja, unatema, kisha unatoa hukumu: ya chumvi, au matamu. Jina la tatu hatuna. Ndivyo nilivyoichukua ile nyumba ya kupanga mtaani Mjambere. Mwenye nyumba alifungua bomba la uani akasema, "Onja." Nikaonja, nikaonja tena, maana mara moja siiamini. Matamu. Moyoni nilifurahi, usoni nilijikunja kama aliyelamba shubiri, ili kodi ishuke. Ikashuka. Nikatoka pale nikijiona mjanja.

Siku ya kwanza mke wangu akaniita kutoka kwenye beseni.

"Baba watoto, hii sabuni haitoi povu."

"Sugua."

"Nimesugua mche umekwisha nusu. Maji yamekatika kama maziwa yaliyochacha."

"Ni matamu, nimeonja mwenyewe."

"Basi njoo ufue kwa ulimi."

Nyumba yenyewe tuliitafuta kwa ajili ya mama yangu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, na haja ndogo haikumwarifu tena inapokuja. Shuka tano kwa siku, siku mbaya saba. Muuguzi alituonya zifuliwe kwa maji moto, la sivyo mgongo utamtoka vidonda. Mke wangu alizichemsha kwenye sufuria na kuzikamua kwa mikono, na haikuchukua muda vidole vikampasuka kwenye viungo. Shuka aliyokwisha kuitakasa ilibaki na doa la damu yake, akaifua upya. Mbele ya mama alificha mikono ndani ya leso. Mbele yangu alisema mara moja tu: "Mikono hii ikikataa, mama atakwenda kwa dada yako. Sikutishi. Nakwambia mapema."

Dada yangu anaishi ndani huko Kaloleni, mbali na zahanati. Na mama alikuwa ameniomba jambo moja: asiondolewe pangu.

Nikaenda Changamwe kutafuta mashine ya kufua, ile inayopasha maji yenyewe, kuukuu kutoka ng'ambo. Muuzaji aliapa kwamba Mzungu aliyeimiliki aliitunza kama mtoto. Nikamuuliza, mbona basi mtoto kamtoa kwa watu? Akacheka, akapunguza bei.

Nyumba ikapumua. Vidole vya mke wangu vikaanza kufunga. Mchana alikaa kitandani kwa mama wakiisikiliza mashine inavyozunguka, na mama akasema kwa mdomo wake uliopinda, "Huyu mkaza mwana wa pili hachoki."

Alichoka. Shuka zilianza kutoka vuguvugu, ngumu kama turubai, na harufu ileile. Fundi wa mtaani akaifungua kwa nyuma. Koili ya kupashia maji ilikuwa haionekani. Imevaa ukoko mweupe, mnene kama wa chungu cha wali wa arusi.

"Chumvi hii," nikasema.

"Chumvi? Lamba."

Nikalamba. Haikuwa na ladha yoyote.

"Chokaa, kaka. Bomba lenu lavuta kisimani, na kisima kiko kwenye mawe ya matumbawe. Maji yapita ndani ya jiwe yakilibeba. Huwezi kulionja. Ukiyapasha moto ndipo lagandia koili."

"Na dawa yake?"

"Siki. Au uhame, wallahi."

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale magamba yaliyokuwa yakielea kwenye birika la stima. Miezi yote tulikuwa tukiyachuja na majani ya chai na kunywa.

Kuhama na mgonjwa, twende wapi? Nyumba za jirani zote zilikuwa na chumvi tupu. Maji ya kununua ya mkokoteni nayo, mashine ilimeza mitungi kama ngamia. Nilipiga hesabu, nikairudia, zote mbili zikanicheka. Tukabaki na siki. Nyumba ikanuka achari, koili ikang'aa, ukoko ukarudi. Siki tena, ukoko tena, kila mara mgumu zaidi. Adhuhuri moja mashine ikatoa moshi, stima ikakatika nyumba nzima, na fundi alipokuja hakufungua hata mkoba. "Mwache apumzike," alisema.

 Mke wangu alilivuta beseni. Vidole vikafunguka palepale vilipokuwa vimefunga, na kimoja kikatunga usaha. Hakuniomba nimpigie dada yangu simu. Nilimpigia mwenyewe.

Dada alikuja na gari la kukodi. Alituamkia, akaiangalia mikono ya wifi yake, akasema taratibu, "Kwangu ni maji ya bwawa, yana tope. Lakini povu latoka."

Mama alinitazama kwa jicho lake zima.

"Nimewakosea nini, mwanangu?"

"Hujakosa, mama. Ni maji."

"Yepi? Ya bomba au yangu?"

 Nikaushikilia mlango wazi.

Mke wangu alikuwa akimfunga leso kiunoni, na kwa kuwa vidole havikukunjika, alikaza fundo kwa meno. Mama akaviona. Akaushika ule mkono kwa mkono wake mmoja ulio hai, akaugeuza, akaukagua kiganja na mgongo, bila kuuminya.

"Nipandisheni gari," akamwambia dada.